Ushuru uliondoka mpakani, mashaka yakabaki

MACHI 5, 2021, malori yaliyobeba mahindi kutoka Tanzania na Uganda yalijikuta yamekwama kwenye mipaka ya Kenya. Siku hiyo mamlaka inayosimamia kilimo na chakula nchini humo iliiandikia barua mamlaka ya mapato, ikiitaka izuie mahindi ya nchi hizo mbili kwa maelezo kwamba vipimo vilionyesha yana sumukuvu kupita kiwango kilicho salama kwa mlaji.

Kwa mujibu wa mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, mahindi hayo hayakupaswa kutozwa hata senti moja ya ushuru wa forodha. Na kweli hayakutozwa. Yalizuiwa tu.

Haikupita wiki, zuio likalegezwa. Mahindi yakaruhusiwa kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, na shehena iambatane na cheti kinachothibitisha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa kila bilioni. Viongozi walizungumza, na Mei mwaka huo Rais Samia Suluhu Hassan alizuru Nairobi, ambako yeye na mwenyeji wake, Rais Uhuru Kenyatta, waliwaagiza mawaziri wao kuondoa vikwazo vilivyokuwa vikikwamisha biashara kati ya nchi hizo. Lakini mfanyabiashara aliyekopa fedha, akanunua mahindi Kibaigwa na kukodi lori hadi Namanga, hakurudishiwa na mtu gharama za siku alizolala barabarani.

Tukio hilo linaeleza faida na hasara za mikataba ya biashara ya kikanda kuliko hotuba nyingi za mikutano ya wakuu wa nchi. Mikataba hiyo huandikwa kama ahadi ya kufuta ushuru. Anachokihitaji mfanyabiashara zaidi, hata hivyo, ni uhakika kwamba mlango uliokuwa wazi leo utakuwa wazi kesho, na hapo ndipo nchi za Afrika Mashariki zimekuwa zikiyumba.

Mikataba ya namna hii hupanda kwa ngazi. Ngazi ya chini ni eneo huru la biashara, ambapo nchi wanachama hufutiana ushuru lakini kila moja hubaki na ushuru wake kwa bidhaa za nje ya kundi. Inayofuata ni umoja wa forodha, ambapo wanachama huwa pia na ushuru mmoja kwa bidhaa za wageni. Juu yake kuna soko la pamoja, ambapo watu, mitaji na huduma navyo huruhusiwa kuvuka mipaka. Kisha huja sarafu moja.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza ngazi ya umoja wa forodha Januari 1, 2005, na soko la pamoja Julai 1, 2010. Itifaki ya sarafu moja ilisainiwa Kampala Novemba 2013 kwa matarajio ya kuanza mwaka 2024; tarehe hiyo ilisogezwa hadi 2031. Wanachama nao wameongezeka kutoka watatu wa awali hadi wanane: Burundi na Rwanda waliingia mwaka 2007, Sudan Kusini 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo 2022 na Somalia 2024.

Hoja kuu ya kujiunga ni ukubwa wa soko. Kiwanda cha sabuni au mabati kinachotegemea wateja wa nchi moja hufanya kazi nusu ya uwezo wake, na gharama ya kila bidhaa hupanda. Kikiuza katika nchi nane zenye watu zaidi ya milioni 300, mashine zilezile huzalisha zaidi na bei hushuka. Mwekezaji kutoka nje naye huvutiwa na soko la aina hiyo kuliko na nchi moja yenye watu milioni kumi na kitu.

Hiyo ndiyo nadharia, na si ya uongo. Lakini mwaka 1950 mchumi Jacob Viner alitoa onyo ambalo bado halijapata jibu rahisi. Alisema mkataba wa kikanda unaweza kuzaa biashara mpya, pale bidhaa ya bei nafuu ya jirani inapochukua nafasi ya bidhaa ghali ya nyumbani. Unaweza pia kuhamisha tu biashara, pale bidhaa ghali ya jirani inapochukua nafasi ya bidhaa nafuu ya nchi ya mbali, kwa sababu tu ya mbali inatozwa ushuru na ya jirani haitozwi.

Mchele ni mfano mzuri. Umoja wa forodha uliweka mchele kwenye orodha ya bidhaa nyeti, na ukapangiwa ushuru wa asilimia 75 kwa unaotoka nje ya Jumuiya. Chukulia, kwa mfano wa kubuni, kwamba gunia la mchele wa Asia linafika Mombasa kwa shilingi 100 na gunia la mchele wa Kyela au Kahama linafika Nairobi kwa shilingi 130. Baada ya ushuru, gunia la Asia linakuwa shilingi 175. Mlaji wa Nairobi atanunua la Tanzania.

Mkulima wa Kyela amepata soko ambalo bila mkataba asingelipata. Mlaji wa Nairobi amelipa shilingi 130 kwa kitu ambacho duniani kinapatikana kwa 100, na hazina ya Kenya haikupata ushuru wowote. Nani amefaidika? Jibu linategemea anayeulizwa anakaa wapi. Swali hilo halimalizwi na wataalamu wa uchumi kwa hesabu; ni la kisiasa, kwani Kenya inakubali mlaji wake alipe zaidi kwa matumaini kwamba Tanzania nayo itakubali mlaji wake anunue sabuni, mafuta ya kupikia na mabati ya Kenya.

Kenya haikuikubali gharama hiyo yote. Kwa miaka mingi iliomba na kupewa ruhusa ya kutoza mchele wa nje asilimia 35 badala ya 75. Sababu haikuwa mlaji peke yake. Pakistan, ambayo huuza mchele Kenya, ndiyo mnunuzi mkubwa wa chai ya Kenya, na mkulima wa Kericho ana kura kama aliyonayo mlaji wa Nairobi. Katika mfano wa hapo juu, gunia la Asia kwa asilimia 35 linafika shilingi 135, na mkulima wa Kyela amebakiwa na nafasi ya shilingi tano tu dhidi ya mshindani wake. Hakuna mtu aliyevunja mkataba. Kila kitu kilifanyika kwa utaratibu na kuchapishwa katika Gazeti la Jumuiya.

Hapa ndipo umoja wa forodha unapoliwa polepole na wenye nyumba. Mpango wa mwaka 2005 ulikuwa na viwango vitatu vinavyoeleweka na kila mtu: sifuri kwa malighafi, asilimia 10 kwa bidhaa za kati na asilimia 25 kwa bidhaa zilizokamilika, ukiacha zile nyeti. Julai 2022 kikaongezwa kiwango cha nne cha asilimia 35. Lakini kila mwaka, kabla ya bajeti za Juni, mawaziri wa fedha hukutana na kila nchi huja na orodha yake: nguo kwa kiwango hiki, chuma kwa kile, sukari ya viwandani kwa kingine, kwa mwaka mmoja. Viwanda vya kila nchi hujua msimu huo na hupanga foleni mapema. Ushuru unaoitwa wa pamoja umekuwa na matobo mengi kiasi kwamba mwenye kiwanda Mwanza hawezi kusema kwa hakika mshindani wake wa Kampala anaagiza malighafi kwa ushuru gani mwaka ujao.

Matobo hayo yana madhara ya pili. Bidhaa iliyotengenezwa kwa malighafi zilizoingia nchi moja kwa nafuu maalumu haitambuliwi kirahisi kama bidhaa ya Jumuiya inapovuka kwenda nchi nyingine. Jirani hudai ushuru, mtengenezaji hudai msamaha, na lori husubiri.

Wanaoshangaa kwa nini serikali haziachi mambo haya yajiendee wanapaswa kukumbuka yaliyotokea mara ya kwanza. Jumuiya ya kwanza, iliyoundwa kwa mkataba uliosainiwa Kampala Juni 1967, ilikuwa na shirika moja la ndege, reli moja, bandari na posta za pamoja. Nchi nyingi za dunia leo hazijafika huko. Ilivunjika mwaka 1977.

Mapinduzi ya Idi Amin ya mwaka 1971 na tofauti za siasa kati ya Nairobi na Dar es Salaam hutajwa kwanza, na kwa haki. Lakini chini yake kulikuwa na manung'uniko ya zamani zaidi: viwanda vilikuwa vingi Kenya, na Tanzania na Uganda ziliona zimegeuzwa soko. Mkataba wa 1967 ulijaribu kutibu hilo kwa kuziruhusu nchi hizo mbili kutoza kodi maalumu bidhaa za viwandani za mwenzao, na kwa kuunda Benki ya Maendeleo ya Afrika Mashariki ambayo ilitakiwa kuwapendelea walio nyuma. Dawa haikutosha. Februari 1977 Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa hadi mwaka 1983. Mgawanyo wa mali na madeni ulikamilishwa kwa makubaliano ya Mei 1984.

Waandishi wa mkataba mpya, uliosainiwa Arusha Novemba 30, 1999, walikuwa na kumbukumbu hiyo mezani. Umoja wa forodha ulipoanza mwaka 2005, bidhaa za Tanzania na Uganda ziliingia Kenya bila ushuru mara moja, wakati baadhi ya bidhaa za Kenya ziliendelea kutozwa zikiingia nchi hizo mbili, kwa viwango vilivyopungua mwaka hadi mwaka kwa miaka mitano. Mwenye nguvu alisubiri ili mwenye viwanda vichanga apate muda. Huenda ndicho kifungu chenye busara kuliko vyote katika historia ya Jumuiya hii, kwa sababu kilikiri hadharani kwamba mkataba una wanaofaidika haraka na wanaofaidika polepole.

Tangu wakati huo ushuru wa ndani umekwisha, lakini biashara kati ya wanachama bado inakadiriwa kuwa takriban asilimia 15 tu ya biashara yao yote na dunia. Katika Umoja wa Ulaya kiwango hicho ni takriban asilimia 60. Sehemu ya tofauti hiyo haina dawa ya haraka: nchi za Afrika Mashariki zinauza mazao na madini yanayofanana, na mashine, magari na mafuta zinayohitaji hayatengenezwi na jirani.

Sehemu nyingine iko mpakani. Ili bidhaa isamehewe ushuru ni lazima ithibitishwe kuwa imezalishwa ndani ya Jumuiya, kwa cheti cha uasili wa bidhaa. Bila sharti hilo, mfanyabiashara angeshusha mchele wa Asia katika bandari yenye ushuru mdogo na kuupeleka nchi jirani kama wa nyumbani. Shaka ya aina hiyo ndiyo iliyowahi kuutia mchele wa Tanzania matatani katika masoko ya majirani. Kwa mwenye kiwanda, cheti ni kazi ya karani wa forodha. Kwa mama anayevusha magunia mawili ya maharage Sirari au Mutukula, ni safari na gharama.

Jumuiya iliwatengenezea wafanyabiashara wadogo cheti rahisi, kinachotolewa mpakani kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani. Utaratibu ni mzuri. Lakini cheti hicho hakifuti vibali vya afya ya mimea, ubora na vinginevyo, ambavyo kila taasisi hudai kwa dirisha lake, na ndiyo maana njia za panya hazijaota nyasi. Vituo vya pamoja vya mpakani, kama cha Namanga kilichofunguliwa rasmi Desemba 2018 na Rais John Magufuli na Rais Kenyatta, vimepunguza usumbufu wa kusimama mara mbili. Haviwezi kupunguza usumbufu wa amri inayotolewa usiku kutoka makao makuu.

Amri hizo hazikutoka Nairobi peke yake. Oktoba 2017 maofisa wa Tanzania walichoma moto vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kutoka Kenya kupitia Namanga, wakieleza kuwa ni kuzuia mafua ya ndege. Februari 2019 Rwanda ilifunga mpaka wake wa Gatuna na Uganda kwa ugomvi wa kisiasa na kiusalama; ulifunguliwa tena Januari 31, 2022. Maziwa ya Uganda yamezuiwa Kenya zaidi ya mara moja.

Ugumu ni kwamba sababu zinazotolewa mara nyingi ni za kweli. Sumukuvu inaua, na mahindi yenye sumu hayapaswi kuliwa Nairobi wala Dodoma. Kosa ni namna inavyofanywa: zuio la nchi nzima linalotangazwa kwa barua moja, bila kupima shehena moja moja na bila kumpa jirani taarifa, halimlindi mlaji zaidi ya ukaguzi wa kawaida. Linamlinda mshindani wa nyumbani.

Jumuiya inayo sheria ya mwaka 2017 ya kuondoa vikwazo visivyo vya kiushuru, na inayo mahakama yake Arusha. Lakini uamuzi wa wakuu wa nchi hufikiwa kwa maafikiano ya wote, na mfanyabiashara mwenye lori la nyanya hana miezi ya kusubiri hukumu. Hivyo vikwazo vingi vimeondolewa kwa simu kati ya ikulu na ikulu, njia ambayo ni ya haraka na isiyotabirika kwa kiwango kilekile. Baada ya ziara ya Rais Samia Nairobi, takwimu za Kenya zilionyesha ununuzi wake kutoka Tanzania ukiongezeka takriban maradufu mwaka 2021 ikilinganishwa na 2020. Mwaka 2020 ulikuwa mbaya kwa kila mtu kutokana na ugonjwa wa korona, na hilo lazima lihesabiwe. Hata hivyo, ushuru haukubadilika kati ya miaka hiyo miwili. Kilichobadilika ni hali ya hewa kati ya serikali.

Faida nyingine inayotajwa sana ni nguvu ya kujadiliana na wakubwa wakiwa kundi. Kumbukumbu zake si nzuri. Machi 2016 wakuu wa Jumuiya walikubaliana kupunguza hadi kuiondoa mitumba, ili kufufua viwanda vya nguo. Marekani, baada ya malalamiko ya wauzaji wake wa nguo kuukuu, ilitishia kuwanyima nafuu ya kuuza bidhaa katika soko lake. Kenya ilijitoa mapema, Tanzania na Uganda zikafuata. Rwanda, iliyokuwa imepandisha kodi ya mitumba kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, ilikataa kurudi nyuma, na Julai 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye nafuu hiyo ya Marekani. Iliadhibiwa peke yake kwa uamuzi uliokuwa wa wote.

Mkataba wa ubia na Umoja wa Ulaya uliwagawa vilevile. Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi, kama nchi zenye maendeleo duni zaidi, zilikuwa na fursa ya kuuza Ulaya bila ushuru hata bila mkataba huo. Kenya haikuwa nayo, na mwishoni mwa 2014 wauzaji wake wa maua walitozwa ushuru kwa miezi kadhaa wakati mazungumzo yakisuasua. Kwa Nairobi kutosaini kulikuwa hasara ya wazi. Kwa Dar es Salaam kusaini kulikuwa kufungulia viwanda vya Ulaya mlango bila kupata kipya. Kenya na Rwanda zilisaini Septemba 2016, Tanzania ikakataa. Hatimaye Kenya ilisaini mkataba wake yenyewe Desemba 2023, nao ukaanza kutumika Julai 1, 2024. Kila upande ulikuwa sahihi kwa hesabu zake, jambo linaloonyesha kwamba nchi zenye ushuru mmoja si lazima ziwe na maslahi mamoja.

Mkanganyiko unaongezwa na uanachama wa kundi zaidi ya moja. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 na kubaki SADC. Kenya na Uganda ziko COMESA. Congo iko katika makundi yote matatu. Bidhaa ya Afrika Kusini inayoingia Dar es Salaam kwa nafuu ya SADC inageuka ya mgeni ikifika Namanga. Huko SADC nako si shwari: Aprili 2025 Tanzania ilizuia mazao kutoka Afrika Kusini na Malawi, ikijibu vizuizi vya nchi hizo dhidi ya bidhaa zake ikiwa ni pamoja na ndizi, kisha ikaondoa zuio ndani ya siku chache.

Miezi mitatu baadaye ikaja zamu ya watu. Julai 2025 Tanzania ilitangaza aina 15 za biashara ambazo asiye raia haruhusiwi kuzifanya, zikiwamo huduma za fedha kwa simu, ufundi wa simu, saluni na ununuzi wa mazao shambani. Serikali ilisema inawalinda raia wenye mitaji midogo, na malalamiko ya wachuuzi wa Kariakoo dhidi ya ushindani wa wageni hayakuwa ya kubuni. Kenya ilipinga, ikisema amri hiyo inakwenda kinyume na soko la pamoja. Mnunuzi wa mahindi kutoka Kenya, aliyezoea kwenda mwenyewe hadi shambani Manyara, sasa anamhitaji Mtanzania wa kati. Huyo wa kati atapata riziki. Mkulima naye, ambaye hakuulizwa, amepungukiwa na mnunuzi mmoja aliyekuwa akishindana na wengine mlangoni pake.

Wakati haya yakiendelea, mikataba mipana zaidi imekuwa ikisainiwa. Ule wa eneo huru la biashara la Afrika nzima ulisainiwa Kigali Machi 2018 na biashara chini yake kutangazwa kuanza Januari 1, 2021. Ule wa Utatu, unaounganisha COMESA, Jumuiya ya Afrika Mashariki na SADC, ulisainiwa Sharm el-Sheikh nchini Misri Juni 10, 2015, lakini ulihitaji kuridhiwa na nchi 14 kabla ya kuwa na nguvu. Idadi hiyo ilitimia baada ya miaka tisa, na mkataba ukaanza kutumika Julai 25, 2024.